Sahani ya Mpangaji wa Chumba cha Nne

Ndugu mwekezaji mpya,

Wizara ya Wenye Nyumba imeniomba nikuandikie ushauri huu kwa sababu mimi ndiye Mwenye Nyumba wa Mfano wa mwaka huu. Cheti ninacho, kimetundikwa sebuleni. Saa ya ukutani niliyopewa pamoja nacho ninayo pia, ingawa ilikuja bila betri. Nimeambiwa nitumie lugha nyepesi, nisizidishe kurasa, na nisitaje jina la nchi yetu, wageni wasije wakatuibia maarifa. Jina langu sikukatazwa. Naitwa Kondo Mbaruku, karani mstaafu wa posta, mgane wa miaka tisa, mmiliki wa nyumba ya vyumba sita.

Ukiona mahali nimetoka nje ya mada, nivumilie. Kwa muda mrefu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Jinsi ya kuanza

Miaka saba iliyopita Mheshimiwa Waziri wa Wenye Nyumba, Profesa Mhandisi Lumbanga, alisimama katika uwanja wa mpira akatangaza kwamba taifa la wapangaji ni taifa la watu wanaoomba ruhusa ya kupiga msumari ukutani.

"Kuanzia leo," alisema, "kila raia atakuwa mwenye nyumba! Tutapangisha mijini, tutapangisha vijijini, tutapangisha mpaka dunia ituonee gere!"

Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Hakuna aliyeuliza tutampangishia nani. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na mimi nilipiga makofi.

Basi tukajenga. Walimu walijenga, wauguzi walijenga, wachimba makaburi walijenga. Mafundi waliotujengea nao walikuwa wanajenga zao, ndiyo maana kuta nyingi za mtaani kwetu zimepinda kidogo kwenye pembe: fundi alikuwa na haraka ya kwenda kwake. Mimi nilimaliza kiinua mgongo changu chote, miaka thelathini na mmoja ya kugonga mihuri, nikainua vyumba sita, ua wa katikati, karo la kuoshea vyombo na geti la bluu.

Wataalamu hushauri uchague eneo lililo karibu na maji na barabara. Nilichagua. Bahati mbaya wenzangu mia mbili na tisa walikuwa wamesoma kijitabu kile kile cha Wizara. Mtaa wetu mzima ukawa na vibao vya VYUMBA VINAPANGISHWA, kila geti na chake, yote yakifanana, na mtu akielekezwa kwa mtu alirudi kwao bila kumwona. Ilipofanywa sensa, ikaonekana nchi nzima imebaki na wapangaji elfu kumi na mmoja tu. Serikali, kwa hekima, ikawatangaza kuwa mali ya taifa. Ikaundwa Idara ya Mgawo wa Wapangaji, nasi tukapanga foleni.

Wakati unasubiri

Mimi nilisubiri miaka miwili na miezi minne. Ushauri wangu: usiache vyumba vikae vimefungwa. Chumba kisichoingiwa na mtu hushika harufu ya unyevu, na harufu hiyo haitoki kwa chokaa wala kwa ubani.

Nilivizungukia kwa zamu. Jumatatu nilikunywa chai chumba cha kwanza, Jumanne cha pili, na kuendelea, Jumapili nikapumzika kwenye korido. Kabla ya kuingia nilibisha hodi, kujizoeza adabu ya mwenye nyumba. Siku moja nilibisha hodi chumba cha tatu, nikaitikia mwenyewe, "Karibu!" na nikafurahi kweli kabla sijakumbuka kwamba sauti ile ilikuwa yangu. Nilikaa humo hadi chai ikapoa. Ninakusimulia hili ili usije ukadhani unaugua. Ni hatua ya kawaida katika uwekezaji.

Mpangaji anapofika

Aliletwa Jumatano, saa nne asubuhi, na gari la Idara. Alikuja na hati ya makabidhiano, nami nikaisaini kama nilivyokuwa nikisaini vifurushi zamani: Bi Somoe Athumani, mshonaji wa vitambaa vya makochi. Godoro moja, cherehani moja, jiko la mkaa moja, sufuria mbili na mifuniko yake, kiti kimoja, sahani ya bati moja. Alikuwa wa makamo yangu, mwembamba, kichwani amejifunga kitambaa cha kijani, na aliiangalia nyumba yangu kama mtu anayetaka kuisifu ila hajui kama inaruhusiwa.

Haikuruhusiwa. Nyuma yake aliteremka Afisa Masafa wa mtaa wetu, Bwana Chambuso, amevaa filimbi shingoni na utepe wa kupimia kiunoni. Akatusomea Sheria ya Masafa, na wewe uishike tangu sasa. Mwenye nyumba akimzoea mpangaji humwonea huruma. Akimwonea huruma hapandishi kodi. Asipopandisha kodi uchumi wa nchi unayumba. Kwa hiyo wawili hao hawatakaribiana chini ya mita sita, hawatasalimiana kwa mdomo, na chakula hakitavuka ua kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Wakionekana wamezoeana, mpangaji atachukuliwa siku hiyo hiyo na kupewa mwenye nyumba mwingine.

"Na wanaosubiri ni wengi," alisema Bwana Chambuso, akiangalia nje ya geti. Kweli, majirani zangu walikuwa wamejipanga barabarani wakimtazama Bi Somoe kama watu wanaotazama keki.

Kisha akaupima ua wangu. Ulikuwa mita nne na nusu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mzee, ua wako wenyewe una mazoea."

"Nifanye nini, mheshimiwa? Ukuta siwezi kuusogeza."

"Yeye akitoka chumbani, wewe toka nyumbani."

Ikawa ndiyo kawaida. Bi Somoe akitoka kufua, mimi huyo, nje ya geti, nasimama barabarani hadi nisikie mlango wake umefungwa. Huko nje nilikuta wenzangu wamesimama, kila mmoja mbele ya geti lake, mikono nyuma. Wachache walikuwa na wapangaji kweli. Waliobaki walikuwa wanasimama tu ili waonekane wanao. Hatukuzungumza, kwa sababu kijitabu kinasema mwenye nyumba mwenzako ni mshindani wako. Tulisimama hivyo kila asubuhi, wazee watupu barabara nzima, tukitazama viatu vyetu.

Kuhusu ukuta

Nyumba yangu ina chumba kizuri cha mbele chenye madirisha mawili. Wiki aliyokuja Bi Somoe nilikihama nikaenda kulala chumba cha tano, chenye dirisha moja linalotazama karo. Nilijiambia ni kwa ajili ya hewa. Chumba cha tano kinachangia ukuta na chumba cha nne. Sheria haikutaja kuta.

Kupitia ukuta huo nilimjua kwa kadiri serikali ilivyoacha mwanya. Cherehani yake ilikuwa inakwama kila baada ya mshono mrefu, naye alikuwa anaiambia, "Haya mama, twende." Akikosea alisonya. Alikohoa asubuhi mara mbili. Mimi nami nikaanza kukohoa mara mbili, bila kikohozi.

Kisha bati la chumba chake likavuja. Ushauri: tengeneza paa mapema. Mimi nilijaza Fomu ya Hodi siku ile ile, nikaeleza sababu ya kutaka kubisha, muda wa kubisha na idadi ya mara za kugonga mlango. Kibali kilipotoka mvua zilikuwa zimekwisha, nikaziba paa kavu. Bi Somoe aliamriwa awe sokoni wakati huo. Nikiwa juu ya ngazi ndani ya chumba chake niliona kiti chake kimoja. Hakikuelekea dirishani wala kwenye cherehani. Kilielekea ukutani, ukuta wetu, karibu kabisa.

Mimi changu kilikuwa vivyo hivyo upande wa pili. Nilishuka ngazi taratibu, na nakwambia wazi, machozi yalinitoka. Miaka tisa hapakuwa na mtu aliyetaka kusikia kama nipo.

Kuhusu salamu

Salamu zilipita kwa Fomu ya Salamu, nakala tatu: moja ya msalimiwa, moja ya Wizara, na ya tatu inakwenda moja kwa moja Idara ya Masafa ipekuliwe. Mtindo huo wa nakala ya tatu niliubuni mimi mwenyewe nikiwa posta, kwa ajili ya vifurushi, na nilipandishwa cheo kwa ajili yake. Fomu inachukua siku kumi na nne za kazi.

Nilijaza ya kwanza kwa kujiamini, nikakwama kwenye kisanduku kinachosema "Anayestahili shikamoo". Kumuuliza mwanamke umri wake ni mazoea, kwa mujibu wa kifungu cha tano. Nikaandika: "Habari za asubuhi." Baada ya wiki sita jibu likaja: "Asubuhi hiyo ilikuwa njema, isipokuwa maji yalikatika. Sijui wewe uliamkaje." Siku jibu linafika nilikuwa nimeamka na jino linauma, lakini yeye alikuwa anauliza habari za Jumanne ya mwezi uliopita, siku ambayo nilikuwa mzima kabisa. Nikajibu kwa ukweli kwamba niliamka salama. Hivyo tukawa tunasalimiana kuhusu siku zilizokwisha kufa.

Bi Somoe ndiye aliyepata akili. Siku moja nililetewa fomu imeandikwa kwa mwandiko wake wa kuinama: "Nakusalimia Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. Natumaini utakuwa umeamka mzima, na lile jino limepoa." Nikatazama kalenda. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tisa. Alikuwa amehesabu siku za kazi, akatoa sikukuu, akanisalimia kabla ili salamu inikute kwa wakati. Na jino alilijua kwa sababu ya ukuta.

Wapekuzi hawakuona kosa. Tangu hapo kila Alhamisi nilipata salamu ya siku hiyo, na kila Jumatatu yeye alipata yangu. Nilianza kunyoa ndevu siku za Alhamisi.

Sahani

Sasa nifike kwenye jambo lililonipatia cheti.

Mwezi wa sita nilishikwa na homa. Siku tatu sikufagia ua, sikutoka barabarani, sikukohoa. Siku ya nne nilijikokota hadi karoni kunywa maji, nikakuta sahani ya bati, nyeupe yenye ua jekundu katikati, imefunikwa kwa kawa la ukindu. Ndani kulikuwa na kunde za nazi na chapati mbili, bado za moto. Mlango wa chumba cha nne ulikuwa umefungwa. Cherehani ilikuwa kimya, na nilijua anasikiliza.

Chakula kilikuwa kimevuka ua. Nilipaswa kutoa ripoti. Nilikaa pembezoni mwa karo nikala chote, nikafuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha chapati. Kisha nikagonga sahani kwa kidole mara mbili, tii, tii, ajue imekwisha. Cherehani ikaanza tena.

Hapo ndipo tabu ilipoanza, na ni tabu ambayo kijitabu cha Wizara hakiielezi. Kwetu sisi, jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Unaweka chochote, hata embe, hata chumvi ya kutosha mchuzi. Sahani ikirudi tupu ni kama umemwambia mwenzako basi, tumemalizana. Mama yangu alinilea hivyo, na marehemu mke wangu aliwahi kurudi nyumbani kutoka njiani kwa sababu alisahau kutia kitu kwenye bakuli la watu. Kwa desturi sikuweza kuirudisha tupu, na kwa sheria sikuweza kuirudisha na kitu.

Nikaenda Idara kuulizia, kwa njia ya kuzunguka.

"Mpangaji anaweza kurudishiwa chombo kilichojaa kitu kisicho chakula?"

"Kama nini?" akauliza karani.

"Sijui. Karatasi?"

"Notisi ya kuhama inakubalika," alisema. "Unaweza kukijaza notisi."

Nilimshukuru nikaondoka. Sahani nikaificha kabatini nikingoja akili inijie, na akili haikuja kwa muda wa wiki saba. Wiki ya saba, nikiwa dirishani, nilimwona Bi Somoe akitoka kusuuza vyombo. Alisuuza sufuria, kisha akasuuza mfuniko wake kwa uangalifu mkubwa, ndani na pembeni, ukiwa na mabaki ya wali. Alikuwa anakula kwenye mfuniko. Hati ya makabidhiano ilisema sahani moja, nami niliisaini, na ile moja ilikuwa kwangu.

Nilijisikia vibaya mno. Nikasema liwe liwalo.

Ukaguzi

Mimi najua kupika kitu kimoja: wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Ijumaa nilinunua samaki changu mzima, nikakuna nazi mwenyewe, nikapika tangu asubuhi. Nikapakua kwenye sahani yenye ua jekundu, nikafunika, nikaenda kuiweka juu ya karo. Nilikuwa nimeinama hivyo niliposikia filimbi.

Bwana Chambuso alisimama getini. Ukaguzi wa kushtukiza hufanywa Ijumaa ya pili ya mwezi, na mimi kwa shughuli za nazi nilikuwa nimesahau siku.

"Mzee! Hicho ni nini katikati ya ua?"

"Chakula changu, mheshimiwa. Nakipoza."

"Sahani ya nani?"

"Yangu."

Akaamuru Bi Somoe atoke, nami nirudi nyuma hadi getini ili mita sita zitimie. Akafungua faili lake.

"Mama, hati inasema ulikuja na sahani ya bati moja. Iko wapi?"

"Sina sahani," alisema Bi Somoe. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake bila ukuta katikati. "Nakula kwenye mfuniko."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Nani shahidi?"

"Nitampata wapi shahidi, mwanangu? Si ndiyo sheria?"

Bwana Chambuso alikagua mfuniko, akaukwaruza kwa kucha, akaunusa. Wali ulithibitika. Akanigeukia.

"Kama chakula ni chako, Mzee, kile."

Nikasogea karoni, Bi Somoe akarudishwa hadi mlangoni kwake na kuambiwa asiondoke, kwani ukaguzi unahitaji pande zote mbili. Nikala. Nilianza na wali. Nilikuwa nimemwekea upande wa tumboni wa samaki, wenye mafuta, na ndimu iliyokatwa mara nne. Nilikula mbele ya macho yake chakula nilichompikia, tonge moja baada ya jingine, huku afisa akiandika. Yeye hakuinua mkono kujifuta machozi wala hakutazama pembeni. Nilipomaliza niligeuza sahani ionekane ni tupu.

"Mama," alisema Bwana Chambuso, "sahani hii unaijua?"

"Siijui."

"Na mzee huyu? Mmekaa nyumba moja miezi kumi na minane. Unamjua?"

Bi Somoe alinitazama. Nilijua akisema ndiyo tumepoteana siku hiyo hiyo, nami nilimwomba kwa macho aseme anavyotakiwa.

"Huyu?" alisema. "Simjui kabisa."

Sijawahi kuambiwa neno la upendo kama hilo, na sijawahi kuambiwa neno lililoniuma kama hilo.

Bwana Chambuso alifunga faili.

"Miaka mitano nakagua," alisema, "sijaona kutojuana safi namna hii."

Tuzo

Tulipelekwa kwenye ule ule uwanja wa mpira. Waliweka viti viwili jukwaani, mita sita katikati, vimepimwa na maafisa watatu. Mheshimiwa Waziri alizungumza saa mbili na robo.

"Waangalieni!" alisema. "Huyu hapa na yule pale! Mvua imewanyeshea pamoja, jua limewachoma pamoja, na hawana habari! Ndugu zangu, huo ndio ustaarabu! Huo ndio uchumi!"

Watu walipiga makofi. Mimi nilipewa cheti na saa. Bi Somoe naye alipewa tuzo yake: kwa kuwa ni Mpangaji wa Mfano, alihamishiwa Jumba la Mfano mjini, lenye ghorofa kumi na nne. Jumba hilo ni la Waziri mwenyewe, na lilikuwa halijawahi kupata mpangaji hata mmoja. Atakaa ghorofa ya tisa peke yake, kwa heshima ya taifa.

Gari la Idara lilikuja kumchukua asubuhi ya pili. Nilisimama barabarani, mahali pangu. Walitoa godoro, cherehani, jiko, sufuria na kiti. Alipopita karibu na geti alikohoa mara mbili. Nilifungua mdomo nimjibu, lakini Bwana Chambuso alikuwa ameshika filimbi, nami nilikuwa Mwenye Nyumba wa Mfano. Nikafunga mdomo. Hilo ndilo ninalojutia maishani, kuliko hata saruji niliyouziwa ikiwa imeganda.

Alhamisi iliyofuata nilinyoa ndevu kwa mazoea. Saa tano akaja tarishi na fomu. Alikuwa ameijaza asubuhi ile ya ukaguzi, mimi nikikuna nazi, kabla filimbi haijalia, akahesabu siku kama kawaida yake. Iliandikwa: "Nakusalimia Alhamisi ya tarehe nne. Nasikia unakuna nazi vibaya, unaikwangua hadi kwenye kifuu. Siku nyingine niachie karoni, nitakuna mimi."

Niliisoma nimesimama kwenye korido, kati ya vyumba sita vitupu. Kisha niliisoma katika kila chumba.

Ushauri wa mwisho

Wizara inatarajia kwamba hapa nitakueleza habari za bima. Nitakueleza nilichofanya juzi.

Sahani ilikuwa bado kwangu. Bwana Chambuso alikuwa ameniandikia hata hati ya umiliki: sahani ya bati, ua jekundu, mali halali ya Kondo Mbaruku. Nilikuna nazi, safari hii nikaishia kwenye weupe, nikapika kashata, maana kashata huvumilia posta. Nikazipanga kwenye sahani hadi ua likafunikwa, nikafunga kwa gazeti na kamba, nikaenda kwenye dirisha nililokaa miaka thelathini na mmoja. Siku hizi anakaa binti anayeitwa Zawena, niliyemfundisha kazi mwenyewe.

"Shikamoo Mzee Kondo."

"Marahaba, mwanangu. Kifurushi cha mjini, Jumba la Mfano, ghorofa ya tisa."

Akanipa fomu. Nilijua swali lililoko mstari wa sita, kwa kuwa nimewauliza watu swali hilo maisha yangu yote bila kuinua macho: Uhusiano na mpokeaji. Chini yake pana mistari miwili ya kujaza. Ukiandika hamjuani, kifurushi kinarudishwa, kwa sababu watu wasiojuana hawapelekeani vitu. Ukiandika mnajuana, na wewe ni mwenye nyumba, umejitia kitanzi.

Nilishika kalamu muda mrefu. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyenihimiza. Wote walikuwa wenye nyumba, hawakuwa na pa kuwahi. Nikaandika: "Alinipikia nilipokuwa naumwa."

Zawena alisoma. Akasoma tena.

"Mzee," alisema polepole, "nikigonga muhuri hapa, nakala ya tatu inakwenda Idara ya Masafa."

"Najua, mwanangu. Mtindo huo ni wangu."

"Watakunyang'anya leseni. Watakuja kufunga nyumba."

"Gonga."

Aligonga. Nilisikia kifurushi kikianguka ndani ya gunia la mjini, na sauti ya bati ilitoka kidogo kupitia kwenye gazeti, tii. Sijui kama walinzi wa ghorofa ya tisa watakipitisha. Nadhani watampa, kwa sababu sahani ina hati.

Barua ya Idara nimeipata jana. Wanasema maafisa watafika hapa ndani ya siku kumi na nne za kazi kunihoji na kutia kufuli. Kwa hiyo, ndugu mwekezaji mpya, vyumba vyangu sita huenda vikauzwa kwa bei nzuri, na kama utavinunua, ujue bati la chumba cha nne halivuji tena, na ukuta wake wa upande wa kulia unapitisha sauti vizuri. Weka kiti hapo.

Mimi nimefagia ua. Kila siku napika wali wa watu watatu, sijui watakuja wangapi. Geti nimeliacha wazi, lakini najua hawataingia hivi hivi, hata mtu anayekuja kukufungia nyumba hubisha hodi kwanza. Nimekaa hapa kwenye korido nawasubiri, nipate kumwitikia mtu karibu.